Dawa Imeua Kimelea, na Nungu Bahari Je? Namna ya Kupima Tiba Maabarani

Anayeniletea chupa ya dawa huwa na swali moja: inaua? Ndiyo, inaua. Siliata wa baharini, kimelea cha chembe moja tu chenye vinyweleo vya kuogelea, anauliwa na fomalini, anauliwa na klorini, hata maji baridi yasiyo na chumvi yanamtosha. Ukimimina ya kutosha hakuna kitakachosalimika, na hapo ndipo penye shida, maana nungu bahari mwenyewe, mnyama wa miba tunayetaka kumponya, yumo humo humo majini. Kupima tiba ni kutafuta nafasi iliyopo kati ya kipimo kinachomaliza kimelea na kipimo kinachomuumiza mgonjwa. Nafasi hiyo ikiwa finyu, dawa haikufai, hata kama kwenye sahani ya maabara ilifanya maajabu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Naandaa maji, nalea vimelea, nachanganya dawa, na asubuhi na mapema ndiye ninayepita kwenye matangi kuwatoa waliokufa usiku. Naandika hapa kama ninavyomwelekeza mwanafunzi mpya aliyesimama kando yangu. Penye watu wengi kukimbia, nitakaa.

Ugonjwa tunaoushughulikia

Mwishoni mwa Januari 2022, huko Saint Thomas katika visiwa vya Virgin vya Marekani, watu walianza kuona Diadema antillarum, yule nungu bahari mweusi wa miba mirefu, akifa kwa wingi. Kwanza mnyama hupoteza mshiko: vijiguu vyake laini vya kugandia haviendi anakotaka. Kisha miba inalala ovyo, inaanza kudondoka, na ndani ya siku chache kinabaki gamba. Spishi hiyo ilikuwa imeshapigwa mwaka 1983 hadi 1984, ugonjwa ulipoanzia upande wa Panama na kufagia zaidi ya asilimia 90 ya Diadema wa Karibi. Aliyefanya hivyo wakati ule hakupatikana.

Safari hii alipatikana. Aprili 2023, timu iliyoongozwa na Ian Hewson wa Chuo Kikuu cha Cornell, akiwamo Mya Breitbart wa Chuo Kikuu cha South Florida, ilitangaza kwamba mhusika ni siliata wa jamii ya skutikosiliata, ndugu wa Philaster apodigitiformis. Hawakuishia kumkuta ndani ya wagonjwa. Walimlea peke yake, wakamwingiza kwa nungu bahari wazima waliokuzwa maabarani, asilimia 60 wakafa ndani ya siku chache, na kwa waliougua akaonekana tena. Tangu hapo siliata wa aina hiyo amehusishwa na vifo vya jamaa zake Diadema katika Mediterania, Bahari ya Shamu na hadi kisiwa cha Réunion.

Jaribio lile ndilo lililotufungulia mlango sisi wa dawa. Huwezi kupima tiba ya ugonjwa ambao huwezi kuuanzisha mwenyewe ukitaka.

Yupo pia amiba, Paramoeba invadens, anayewaua nungu bahari wa kijani katika maji ya Nova Scotia, Kanada. Huyu anafuata joto la maji: yakipata joto anashika kasi, yakipoa sana anafifia. Liweke akilini hilo hata kama unashughulika na siliata tu. Kipozea maji kikiyumba katikati ya jaribio, utaisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na baridi.

Kumpata kimelea, na kutomdhania asiye yeye

Majimaji ya ndani ya nungu bahari huvutwa kwa sindano nyembamba kupitia ngozi laini inayozunguka mdomo. Mgeuze mnyama, msafishe kwa maji ya bahari yaliyochujwa, ingiza sindano kwa mshazari, vuta taratibu. Kama unataka kuhesabu chembe, tanguliza ndani ya bomba la sindano dawa ya kuzuia kuganda, yenye EDTA, na weka sampuli juu ya barafu. Kama lengo ni kumlea kimelea, EDTA usiitie: inanyonya kalsiamu ambayo naye anaihitaji.

Sasa tone liko chini ya hadubini. Kuna vitu vinakimbia. Tulia kwanza.

Nungu bahari ana chembe zake mwenyewe za ulinzi zinazoelea katika majimaji hayo, na aina moja kati ya hizo ina mkia mmoja mwembamba, inaogelea. Ni duara dogo linalokwenda mbele kwa kujizungusha, karibu kwa mstari ulionyooka, kama parafujo inayoingia kwenye mbao. Mnyama mzima kabisa anazo. Siliata ni mkubwa zaidi, wengi wao mikromita 20 hadi 50 kwa urefu, umbo la tone lililochongoka upande mmoja, na mwili umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga mawimbi. Akigonga kitu anarudi nyuma, anageuka, anajaribu njia nyingine; akikuta kipande cha nyama anakisukuma kwa ncha. Tazama hasa namna anavyogeuka. Chembe ya mnyama haina uamuzi wa namna hiyo. Utaona pia vidonge vyekundu vikijikokota. Hizo ni chembe za rangi za mwenyewe, na zikiwa nyingi zinakuambia ana jeraha au maambukizi, ila si kimelea.

Kumlea si kazi ngumu. Chupa ya maji ya bahari yaliyochemshwa kwa mvuke, punje moja ya mchele uliochemshwa vivyo hivyo, kisha matone machache ya sampuli. Bakteria wanakula mchele, siliata wanakula bakteria. Baada ya siku chache chini ya chupa kunakuwa na ukungu unaotembea. Kutoka hapo mvute mmoja tu kwa pipeti nyembamba, mpitishe kwenye matone ya maji safi mfululizo, mweke kwenye kisima chake, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, aanzishe ukoo. Usipime dawa kwa chupa yenye mchanganyiko wa siliata watatu. Nungu bahari anayekufa huvuta kila mla mizoga wa jirani, na wengi utakaowakuta kwake ni wageni wa msibani tu, hawakuua mtu. Thibitisha ukoo wako kwa kusoma vinasaba vyake, kipande cha 18S, jeni inayotumika kutambua spishi, kinatosha kuanzia, na kila baada ya muda urudie, kwa kuwa chupa huchafuliana. Ukoo uliokaa sana kwenye chupa unaweza kulegea na kupoteza ukali, kwa hiyo upitishe kwa mnyama mara kwa mara au urejee kwenye akiba uliyogandisha.

Sahani yenye visima 96

Hapa hesabu ndiyo inayoangusha watu. Tuseme kila kisima kina mikrolita 200: 100 za vimelea, 100 za dawa. Maana yake dawa unayoiandaa lazima iwe na nguvu mara mbili ya unayoitaka, kwa sababu itapunguzwa nusu mara tu inapokutana na vimelea. Unataka kipimo cha juu kabisa kiwe mikrogramu 100 kwa mililita? Andaa 200. Kutoka hapo shuka kwa nusu nusu: 100, 50, 25, 12.5, na kuendelea.

Dawa nyingi za vimelea haziyeyuki majini, zinayeyushwa kwanza kwa DMSO, kimiminika cha kuyeyushia dawa. Ukiyeyusha miligramu 10 kwa mililita, ili upate ile 200 utatia mikrolita 40 katika jumla ya mililita 2. Hiyo ni asilimia 2 ya DMSO, na kwenye kisima inabaki asilimia 1, ambayo ni nyingi mno. Mimi sivuki 0.5. Yeyusha miligramu 50 kwa mililita badala yake. Sasa mikrolita 8 katika mililita 2 zinakupa 200 ile ile, na DMSO ya mwisho ni asilimia 0.2. Ukiona dawa imefanya unga mweupe chini ya kisima, basi haikuyeyuka, na namba uliyoandika kwenye daftari si iliyomo majini.

Visima vya ulinganisho ni vitatu: vimelea bila chochote, vimelea na DMSO peke yake kwa kiasi kile kile, na vimelea na fomalini, ili ujue kifo chenyewe kikoje machoni pako. Kila kipimo kiwe na visima kadhaa, na usiviweke vyote ukingoni mwa sahani. Vya ukingoni hukauka haraka, chumvi inapanda, vimelea vinadhoofika, dawa inapata sifa ya bure.

Tazama baada ya saa 1, 6, 24 na 48. Na hapa sitaki ubishi: aliyesimama si lazima awe amekufa. Siliata aliyepigwa na dawa anaweza kulala saa nzima vinyweleo vimetulia, ukimtia kwenye maji safi anaamka na kuendelea na shughuli zake. Baadhi ya siliata pia hujikunja na kujifungia kwenye ganda, wakasubiri mambo yapite. Kwa hiyo kila kisima ambacho unataka kukiita "wamekufa wote" kifanyie mtihani wa pili: zungusha vimelea taratibu kwenye mashine mpaka vitue chini, mwaga maji yenye dawa, tia maji safi na chakula, rudia, kisha uwaache siku tatu nne. Wasipoonekana tena, hapo andika kipimo hicho kuwa kinaua. Vipimo viwili vinavyotokana na hapo, cha kusimamisha na cha kuua, mara nyingi vimeachana mbali. Matangazo mengi ya dawa yamejengwa juu ya kile cha kwanza.

Mtego wa pili unatokana na ule mchele. Siliata wako anakula bakteria. Ukimtilia antibayotiki, bakteria wanakufa, siliata anakosa chakula, anapungua siku baada ya siku, na mchoro unatoka mzuri sana wa dawa iliyomdhibiti kimelea. Dawa haikumgusa. Ilimfungia jiko. Ndani ya nungu bahari jiko halifungwi kirahisi hivyo, kwani siliata huyu anakula chembe na nyama za mwenyeji wake. Tenga mambo hayo mawili kwa kuwalisha vimelea bakteria waliokwisha kuuliwa kwa moto katika visima vyote, vya dawa na visivyo vya dawa. Kama tofauti inabaki, dawa inafanya kazi kwa kimelea. Kama inayeyuka, umepima njaa.

Tabia za dawa ndani ya maji ya chumvi

Dawa iliyopimwa kwa binadamu au kwa samaki wa mtoni haiji baharini na tabia zile zile.

Tetrasaiklini na ndugu zake, doksisaiklini ikiwamo, hushikana na kalsiamu na magnesiamu, na maji ya bahari yamejaa vyote viwili. Sehemu kubwa ya ulichotia inakuwa imefungwa pingu kabla haijamfikia yeyote. Kuna zaidi: dawa hizo huingia kwenye gamba la nungu bahari linapokua. Watafiti wa ukuaji wanaitumia sifa hiyo makusudi, wanamchoma mnyama tetrasaiklini ili baadaye waone mstari unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno na kupima gamba limeongezeka kiasi gani. Kwa mtafuta tiba ni habari tofauti: dawa yako inahifadhiwa kwenye mifupa ya mgonjwa.

Metronidazoli huhitaji mazingira yenye oksijeni kidogo ili iamke ndani ya kimelea. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi kwa vimelea vya tumboni kwa binadamu. Sahani pana yenye maji kidogo ina oksijeni tele. Tangi lenye pampu vilevile. Ukiipima, pima katika hali zote mbili, na uifunike isipigwe na mwanga.

Shaba inatumika sana kwa samaki wa mapambo. Kwa nungu bahari isahau. Viinitete vya nungu bahari hutumiwa duniani kote kupima sumu ya metali majini, kwa sababu vinaharibika kwa kiasi kidogo sana cha shaba. Josho la maji yasiyo na chumvi, ambalo samaki wa baharini huvumilia dakika chache, nalo lisahau: nungu bahari hana namna ya kurekebisha chumvi ya mwili wake, majimaji yake ya ndani hufuata maji yaliyomzunguka.

Haidrojeni peroksaidi inaoza haraka, hasa kwenye tangi lenye uchafu, kwa hiyo pima kwa vijiti vya rangi mwanzo na mwisho wa josho, usiamini ulichomimina. Klorokwini mara nyingi huuzwa kama chumvi ya fosfeti, na katika unga huo klorokwini yenyewe ni takribani asilimia 62. Ukitaka gramu 1 ya dawa halisi, pima gramu 1.6 za unga. Watu wawili wanaweza kuandika kipimo kile kile kwenye daftari na wakatofautiana kwa zaidi ya theluthi.

Mnyama mzima kabla ya mgonjwa

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu ana wagonjwa wanaokufa, ana dawa iliyoshinda kwenye sahani, anaona kumpa dawa nungu bahari asiye na shida ni kupoteza wiki. Lakini kama hujui dawa peke yake inamfanya nini, huwezi kumtofautisha aliyeuawa na ugonjwa na aliyeuawa na wewe. Dalili zinafanana: miba inalala, mshiko unapotea.

Andaa matangi kwanza. Toa kaboni (mkaa wa kuchujia maji), zima kichujio cha mapovu, zima taa ya urujuanimno. Vyote vitatu huiondoa au kuiharibu dawa. Pima maji yaliyomo kweli, maana tangi la lita 40 likishawekwa mawe halina lita 40. Kama yamo lita 40 kamili na unataka miligramu 25 kwa lita, unahitaji gramu 1. Ukitumia antibayotiki, bakteria wa chujio, wale wanaoondoa amonia, watakufa pia, na amonia itapanda siku inayofuata. Basi pima amonia kila siku, badilisha maji na kurudisha dawa kwa kiasi kile ulichotoa. Matangi ya ulinganisho nayo yabadilishwe maji vivyo hivyo, saa ile ile. Usumbufu ni sehemu ya tiba.

Halafu mwangalie mnyama. Vipimo vyangu havihitaji mashine:

Mgeuze chali juu ya sehemu tambarare na uanze saa. Mzima anatafuta sakafu kwa miba na vijiguu, anajiinua upande, anajipindua. Aliyedhoofika anachelewa, au anaanza na kukata tamaa katikati. Pima kila mmoja kabla ya dawa, ili umlinganishe na yeye mwenyewe. Wapo wavivu wa kuzaliwa.

Pitisha kivuli cha mkono juu ya tangi. Diadema huelekeza miba yake upande wa kivuli mara moja, silika iliyochunguzwa na wanasayansi tangu miaka ya 1950. Miba isiyoitikia kivuli ni habari mbaya hata kama bado imesimama.

Vuta kidogo. Vijiguu vimegandia kioo au anatoka bure bure? Na mwisho tazama sakafu ya tangi: kuna vinyesi? Nungu bahari anayekula huacha vidonge vidogo vingi. Sakafu safi ghafla ni dalili, usifurahi.

Kipimo cha juu ambacho hakibadilishi chochote kati ya hivyo, hata baada ya siku kadhaa za kuacha dawa, ndicho dari yako. Kilinganishe na kipimo cha kuua ulichokipata kwenye sahani. Dari ikiwa chini ya kipimo cha kuua, funga daftari, tafuta dawa nyingine. Usiende kwa wagonjwa kwa matumaini.

Je, dawa inaingia ndani?

Kimelea kikishavuka kuingia kwenye majimaji ya ndani na tishu, dawa iliyobaki nje kwenye maji haimsaidii mtu. Mwenye mashine ya kutenganisha kemikali apime kiasi kilichoingia. Asiye nayo ana njia ambayo mimi naipenda hata zaidi: mweke nungu bahari mzima kwenye dawa kwa saa ulizopanga, mwoshe vizuri, vuta majimaji yake ya ndani, yachuje kwa chujio la mikromita 0.2, kisha yatie kwenye visima vyenye vimelea. Kando yake weka majimaji ya mnyama ambaye hakupewa dawa, kwani majimaji ya nungu bahari yana ukali wake wa asili kwa vijidudu. Vimelea vikifa kwenye ya kwanza na kuishi kwenye ya pili, dawa imeingia, na imeingia ya kutosha. Mashine ingekupa namba tu. Hapa unapata jibu la swali lenyewe.

Kama haikuingia, zimebaki chakula na sindano. Unaweza kuchanganya dawa kwenye jeli ya agari yenye mwani, ila mgonjwa huacha kula mapema, kwa hiyo njia hiyo inafaa zaidi kwa kinga ya walio wazima. Sindano hupita kwenye ile ile ngozi ya mdomo, kwa uzito wa mnyama, na kila tundu ni mlango wa bakteria. Kundi la ulinganisho nalo lichomwe sindano ya maji safi ya bahari.

Siku ya wagonjwa

Panga makundi manne: wazima bila dawa, wazima na dawa, walioambukizwa bila dawa, walioambukizwa na dawa. Kuambukiza kwa kutia vimelea majini kunafanana zaidi na yanayotokea baharini kuliko kuchoma sindano. Hesabu vimelea kwa hadubini kabla ya kutia, kila tangi lipate idadi sawa. Wale wa makundi ya wazima watiliwe maji ya chupa ya kulelea vimelea, yaliyochujwa, yenye bakteria na uchafu wote isipokuwa siliata.

Tangi moja ni jibu moja. Wanyama watano katika tangi moja wanagawana maji, wanagawana kimelea, wanagawana dawa. Akifa mmoja anawachafulia wanne. Huwezi kuwahesabu kama majaribio matano. Ni bora matangi mengi madogo yenye mnyama mmoja mmoja kuliko mawili makubwa yenye ishirini. Gawa matangi kwa kura, na anayeandika dalili asijue lipi lina dawa. Bandika namba tu, ufunguo akae nao mwingine. Jicho la mtu anayetaka dawa ifaulu huona miba imesimama mahali ambapo imelala.

Makundi ya dawa yagawe tena kwa wakati: wengine waanze siku ile ile ya kuambukizwa, wengine waanze mara tu mshiko unapolegea. Dawa inayofaa kabla ya dalili ina kazi yake, kwa mfano kwenye vituo vinavyokuza vifaranga vya kurudisha baharini. Usiiuze tu kama tiba ya mgonjwa aliyekwisha kudondosha miba.

Amua mapema, kwa maandishi, lini mnyama atahesabiwa kuwa ameshindwa na kuondolewa. Mimi natumia hivi: hawezi kujipindua, hashiki, na miba inadondoka kwa kuguswa. Kumwacha aoze ndani ya tangi hakumsaidii yeye wala takwimu zako.

Kama walioambukizwa bila dawa hawakuugua, jaribio limevunjika, hata kama walio kwenye dawa wote wako hai na wanakula. Hapo hujapima dawa. Rudi kwenye ukoo wako wa vimelea uone kama umelegea.

Kupona kunaonekanaje

Kipimo cha PCR kinasoma vinasaba, na vinasaba vya siliata aliyekufa jana bado vimo majini leo. Ukipima mara baada ya dawa utaona ugonjwa ambao haupo. Ukipima mnyama aliyebakiza vimelea vichache kwenye shina la mwiba, ukachukua sampuli ya majimaji pekee, utaona afya ambayo haipo. Chukua vyote viwili, majimaji na kipande cha tishu kwenye shina la mwiba, na utie sampuli nyingine kwenye chupa ya mchele uone kama kuna kitakachoota.

Halafu acha dawa, rudisha kaboni, badilisha maji, na subiri. Kama wasiotibiwa walikufa ndani ya wiki, wangoje waliotibiwa wiki kadhaa. Ugonjwa unaorudi baada ya dawa kuisha ni jambo la kawaida kabisa kwa siliata. Ukitaka uhakika zaidi, mweke mzima mpya kwenye tangi moja na aliyepona.

Maji machafu na waliosalia

Siliata huyu ameshavuka bahari zaidi ya moja, kwa hiyo tone lisitoke. Kila tangi na wavu wake, ndoo yake, glovu zake. Kazi ianzie kwa wazima iishie kwa wagonjwa, isirudi nyuma. Maji yote yatiwe klorini na kuachwa usiku kucha, kisha klorini iuliwe kwa thiosalfeti kabla ya kumwagwa. Yenye antibayotiki yapitishwe kwanza kwenye kaboni, na kaboni hiyo ichomwe. Fomalini haichanganywi na klorini wala haimwagwi kwenye sinki. Ina pipa lake. Vyombo vioshwe kwa maji moto yasiyo na chumvi na vikauke kabisa.

Waliosalia hawarudi baharini, hata wale waliojipindua vizuri kuliko wote. Nao wasiliwe: dawa nyingi kati ya hizi, metronidazoli ikiwamo, zimepigwa marufuku kwa wanyama wa kuliwa katika nchi nyingi, na mayai ya nungu bahari ni chakula. Mimi huwaweka kwenye tangi la peke yao lisilounganishwa na mengine, na ndio wanaonipa majimaji ya majaribio yajayo, baada ya sampuli zao kutoka safi mara mbili mfululizo.